Mkaidi wa New Jersey

Kwetu Mpanda mtu akikwambia anabadilisha matairi, usikimbilie kumpa pole ya pancha. Msimu wa mpunga ukianza kule Mpimbwe, wenye pawatila wanavua matairi ya mpira na kufunga magurudumu ya chuma, maana mpira ukiingia kwenye jaruba unazunguka palepale na kurusha tope tu. Kazi ya jaruba ikiisha wanarudisha mpira, wanaunganisha tela, wanapakia magunia kwenda sokoni. Ukijifanya mjanja ukapita barabarani na vile vyuma, utafika nyumbani meno yanacheza.

Baba yangu ni fundi wa mashine hizo. Nikiwa shule ya msingi alitumia karibu miaka mitatu kutengeneza gurudumu moja la kufanya kazi zote mbili: mpira kwa ajili ya barabara, na mapanga ya chuma yanayokunjuliwa ukiingia shambani. Halikuuzika. Nitalirudia gurudumu hilo mwishoni, kwa sababu ndilo lililoninyima usingizi siku niliyokutana na habari za Mmarekani mmoja aitwaye John Walter Christie.

Nilikutana naye nikiandaa somo. Sisi wa ualimu wa sayansi, kabla ya kwenda fildi, tunapangiwa mada na kufundishana wenyewe kwa wenyewe. Mimi niliangukiwa na kanieneo. Mfano wa kila mwaka ni kiatu cha kisigino kirefu kinavyozama mchangani kuliko kandambili, na nilijua nikiutumia wenzangu watasinzia. Nikaingia maktaba kutafuta mfano mwingine, nikakuta kifaru cha vita. Kifaru kina uzito wa malori kadhaa, lakini kinapita kwenye tope linalomeza lori moja, kwa sababu minyororo yake ya chuma, kama ile ya katapila, inasambaza uzito kwenye eneo kubwa. Mfano ulikuwa tayari. Ningefunga kitabu pale. Lakini ukurasa uliofuata ulikuwa na picha ya kifaru kisicho na minyororo, kinakimbia barabarani kwa magurudumu kama gari, na minyororo yake imefungwa ubavuni. Nikamwona Baba.

Christie alizaliwa tarehe 6 Mei 1865 katika jimbo la New Jersey, ng'ambo ya mto kutoka jiji la New York. Hakupitia chuo kwa njia ya kawaida. Akiwa na miaka 16 alikuwa tayari anafanya kazi kwenye karakana ya chuma ya Delamater huko New York, mahali palipokuwa na kazi za nyambizi za mwanzo kabisa. Jioni alisoma Cooper Union, chuo kilichofundisha wafanyakazi bila ada. Hebu fikiria: mchana nyundo, usiku hesabu, na hakuna cha bumu wala nini. Baadaye akawa mhandisi wa mambo ya meli, akabuni mashine ya kuchonga sehemu ambayo mizinga ya manowari huzungukia. Hapo alipata pesa na jina.

Pesa hiyo akaipeleka kwenye magari. Alikuwa na wazo ambalo wakati ule lilionekana la ajabu: nguvu ya injini iende kwenye magurudumu ya mbele badala ya nyuma. Leo gari dogo ukipanda, mara nyingi ndivyo lilivyo. Mwanzoni mwa karne iliyopita halikuwa jambo la kawaida, na Christie aliamua kuwashawishi watu kwa njia anayoijua, yaani kushindana. Aliunda magari ya mashindano akayaendesha mwenyewe. Mwaka 1905, kwenye mashindano ya Vanderbilt karibu na New York, aligongana na gari la Mwitaliano Vincenzo Lancia aliyekuwa akiongoza. Mwaka 1907 akavuka bahari hadi Dieppe, Ufaransa, kushiriki Grand Prix akiwa na injini ya karibu lita 20. Wenye bodaboda wataelewa: bodaboda nyingi hapa mjini zina injini ya lita 0.125 au 0.15. Gari halikumaliza mashindano. Mwaka huohuo alipata ajali mbaya akarudi nyumbani na majeraha.

Kilichomlisha baada ya hapo hakikuwa mbio. Miji ya Marekani ilikuwa na mashine za zimamoto za mvuke, nzuri na za gharama, lakini zilivutwa na farasi. Christie akatengeneza kichwa cha gari chenye magurudumu mawili ya mbele, unakifunga mahali pa farasi na mashine ileile ya zamani inakimbia kwa injini. Aliuza mamia. Nakuomba msomaji ukishike kipande hiki, kwa sababu kinaonyesha akili yake ilivyofanya kazi. Hakusema tutupe cha zamani. Alikaa pale kitu kimoja kinapoungana na kingine, akapatengeneza.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta vifaru, na vifaru vilikuwa na ugonjwa mmoja mkubwa. Shambani vilitambaa vizuri, lakini minyororo yake iliisha haraka mno. Ukikitembeza kifaru barabarani siku nzima, kesho yake unahitaji vipuri na mafundi kabla hujamwona adui. Ndiyo maana vilibebwa kwa treni au malori mpaka karibu na mapigano. Na mwendo wake! Kifaru cha Ufaransa cha Renault, kilichosifiwa kuliko vyote, kilikwenda kama kilomita 8 kwa saa. Mtu mwenye haraka zake angekipita kwa miguu.

Christie akaja na jibu lake. Kifaru kisafiri barabarani kwa magurudumu yenye mpira, na kikifika kwenye matope kivae minyororo. Cha kwanza alikitoa mwaka 1919. Jeshi la Marekani likakijaribu, likaorodhesha kasoro, likataka marekebisho. Hapa ndipo tabia yake inapoanza kumgharimu. Christie hakuwa mtu wa kupewa orodha. Kwake, idara ya silaha ya jeshi ilikuwa na watu wa mafaili waliokuwa wanamwambia fundi jinsi ya kushika spana. Alirekebisha aliyoyataka, mengine akayaacha. Kifaru chake kilichofuata nacho hakikupita. Akatengeneza hata gari la kivita linaloelea, likavuka mto Hudson watu wakitazama, ila nalo halikumpa mkataba wa maana.

Akajifungia tena karakanani. Mwaka 1928 alitoka na kitu alichokiita M1940, akimaanisha kwamba amewatangulia wenzake miaka 12. Ni majigambo, lakini jamaa alikuwa na haki ya kujigamba. Mbele ya wakubwa wa jeshi huko Fort Myer, karibu na Washington, kifaru kile kilionyesha kwamba kwa minyororo kinafika kilomita 68 kwa saa, na kwa magurudumu kinazidi 110. Injini ilikuwa ya ndege, aina ya Liberty, yenye nguvu ya farasi zaidi ya 300, ndani ya chombo kisichofika tani tisa.

Kubadilisha kulikuwa hivi. Wanajeshi wanafungua minyororo, wanaikunja na kuifunga ubavuni. Kuanzia hapo nguvu ya injini inakwenda kwenye magurudumu ya nyuma na yale ya mbele yanakata kona kwa usukani, kama gari. Wafanyakazi wenye mazoezi walimaliza kwa nusu saa hivi. Kwa wakati ule ilikuwa kama mazingaombwe.

Lakini ili mazingaombwe hayo yawezekane, Christie alilazimika kutatua tatizo lingine. Vifaru vya kawaida vilikuwa na vigurudumu vidogo vingi chini ya mnyororo. Huwezi kukimbia barabarani kwa vigurudumu vya namna ile. Akaweka magurudumu makubwa, manne kila upande. Na kwa sababu gurudumu likigonga shimo kwa mwendo mkali linarusha chombo kizima, kila gurudumu akalipa springi yake ndefu, liweze kupanda na kushuka zaidi ya sentimita 20 bila kumsumbua jirani yake. Mabasi yetu ya Mpanda kwenda Sumbawanga enzi za vumbi yangekuwa na springi za namna ile, abiria wengi wasingekuwa na maumivu ya mgongo leo. Kwa Christie springi zilikuwa msaidizi tu. Bwana harusi alikuwa ni kile kitendo cha kubadilisha.

Wapo waliomwamini. George Patton, ambaye baadaye alikuwa jenerali maarufu wa Vita Kuu ya Pili, alikuwa mmoja wao. Mwaka 1931 jeshi likanunua vifaru saba. Saba! Kisha wakaingia kwenye malumbano yaleyale. Jeshi linataka chombo kizito kidogo, chenye silaha na nafasi ya watu. Christie anataka mwendo na anasema wao hawajui wanachotaka. Oda iliyofuata, ya vifaru vitano vilivyotokana na muundo wake, ikapewa kampuni nyingine kabisa. Ilikuwa American LaFrance, watengenezaji wa magari ya zimamoto. Sijui kama kuna tusi kubwa zaidi ya hilo kwa mtu aliyetajirisha karakana yake kwa zimamoto.

Nyumbani wakimkataa, nje walimtaka. Poland ikalipa pesa ya awali; mambo yakaharibika, chombo hakikwenda na pesa ikarudishwa. Wasovieti wakanunua viwili. Wakati ule Marekani haikuwa hata na uhusiano wa kibalozi na Moscow, kwa hiyo vifaru vilisafirishwa bila mizinga juu, na kwenye karatasi vikaandikwa kuwa ni matrekta ya kilimo. Sisi wa Tanzania tuna kisa kinachokwenda kinyume chake. Baada ya vita, Waingereza walipoanzisha ule mradi mkubwa wa karanga uliohusisha Kongwa, Nachingwea na Urambo, ambako treni yetu ya Mpanda hupita kabla ya kufika Kaliua, walipungukiwa matrekta. Wakachukua vifaru vya Sherman, wakavigeuza kuwa matrekta, wakayaita Shervick. Mradi ulianza 1947 na kufikia 1951 ulikuwa umekufa. Kwa Christie kifaru kiliitwa trekta. Kwetu trekta lilikuwa kweli limezaliwa kifaru.

Matrekta yale mawili ya Christie hayakulima chochote. Kiwandani Kharkov, Ukraine, yakafunguliwa yakapimwa, na kutoka hapo vikatoka vifaru vya mfululizo wa BT: BT-2, BT-5 na BT-7. Jumla vilizidi 7,000. Vilipigana Hispania, na mwaka 1939 vikapigana na Wajapani huko Khalkhin Gol, Mongolia. Vyote viliweza kuvua minyororo na kukimbia kwa magurudumu, kama Christie alivyotaka. Ila wanajeshi walikuwa wanagundua jambo. Magurudumu yale membamba yakibeba tani zaidi ya kumi yanafaa kwenye barabara nzuri tu. Ukiacha lami yanazama, na Urusi ya miaka ile haikuwa na lami ya kutosha. Zaidi ya hapo, vyuma vya minyororo vilikuwa vimeboreshwa; haviishi tena haraka kama zamani. Ugonjwa uliomfanya Christie atafute dawa ulikuwa unapona wenyewe.

Mhandisi mmoja wa Kharkov, Mikhail Koshkin, aliliona hilo. Wakubwa walimtaka atengeneze kifaru kipya cha kubadilisha. Akakitengeneza, na pembeni yake akatengeneza kingine cha minyororo tu, akatetea kwamba uzito na vyuma vyote vinavyotumika kwa ajili ya kubadilisha bora viwe unene wa kuzuia risasi. Akashinda hoja. Kifaru chake kikaitwa T-34. Machi 1940 alisafiri na vifaru vya majaribio kutoka Kharkov hadi Moscow kwenye theluji, akaugua, na Septemba mwaka huo akafa kwa nimonia. T-34 vikatengenezwa kwa makumi ya maelfu na kushiriki kulivunja jeshi la Hitler. Ukitazama picha yake utaona magurudumu makubwa, matano kila upande, na ndani, kila gurudumu na springi yake ndefu. Ni springi za Christie. Bwana harusi aliachwa nje, msaidizi ndiye aliyeingia ukumbini.

Waingereza nao hivyohivyo. Mwaka 1936 ofisa wao, Giffard Martel, aliona BT kwenye mazoezi ya Wasovieti akarudi nyumbani akihimiza Uingereza ipate chombo cha namna hiyo. Kikanunuliwa kifaru kimoja kwa Christie, nacho kikasafiri kama trekta. Waingereza wakaondoa habari ya kubadilisha na kubakisha springi. Zikaingia kwenye Crusader kilichopigana jangwani Afrika Kaskazini, na baadaye kwenye Cromwell.

Na Christie? Aliendelea. Mwaka 1932 alitoa kifaru chepesi alichoota kwamba siku moja kitafungwa mabawa kiruke. Aliendelea kulipeleka jeshi lake vyombo, na jeshi lake likaendelea kukataa. Alikufa tarehe 11 Januari 1944 huko Falls Church, Virginia, akiwa na miaka 78, pesa zimekwisha. Wiki hiyohiyo T-34 zilikuwa zinawasukuma Wajerumani kuelekea magharibi, kila gurudumu likipanda na kushuka kwa springi alizozibuni mzee aliyekuwa anazikwa Marekani.

Mara ya kwanza kumaliza habari hii nilitoa hukumu ya haraka: mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Nilikuwa na sababu zangu. Nikiwa darasa la sita, alikuja mzee mmoja kutoka Mpimbwe kwenye karakana ya Baba. Hakulitaka lile gurudumu la mapanga ya kukunjuka, kwa sababu aliyekuwa amelijaribu aliona tope linavyojaa kwenye maungio mpaka mapanga hayakunjiki tena. Alichokipenda ni kitu kidogo. Ili kulifunga na kulifungua gurudumu lile zito kila mara, Baba alikuwa ametengeneza mshikizo wa pini moja badala ya nati zote zile. Mzee akataka mishikizo hiyo tu, jozi kadhaa, afunge magurudumu yake ya kawaida. Akaacha pesa. Baba akaikubali, akalala nayo siku mbili, kisha akamrudishia. Alisema hauzi mguu wa kuku akiwa na kuku mzima. Ile pesa ilikuwa ada ya dada yangu. Muhula ule dada alikaa nyumbani. Alirudi shule baadaye, lakini mimi nilibaki na hasira, na nadhani hata kuchagua ualimu badala ya uhandisi kulikuwa na hasira hiyo ndani yake.

Sasa hukumu yangu imepungua ukali. Mtu asiye mkaidi asingekaa karibu miaka kumi akikataliwa na bado atoe kifaru cha 1928. Springi zile ni tunda la ukaidi. Kosa la Christie, nionavyo mimi, ni kwamba alipenda sehemu moja ya kazi yake kiasi cha kutoiona sehemu iliyokuwa nzuri kuliko zote. Na waliokuwa na nafasi ya kumwonyesha, wale wa jeshi lake, walimpa orodha ya makosa tu. Walimsahihisha. Hawakumsoma.

Hapo ndipo hadithi hii inatuhusu sisi wa ualimu. Mwaka jana nikiwa fildi nilisahihisha daftari la kijana wa kidato cha pili. Jibu la mwisho lilikuwa kosa, nikapiga mkasi mwekundu nikaendelea na la mwenzake, maana madaftari yalikuwa zaidi ya mia. Baadaye nikagundua alikuwa amepata kanuni kwa njia yake mwenyewe, ambayo sikumfundisha, akakosea kutoa tu. Muda wangu ulikuwa umekwisha nikawa nimeondoka. Kijana yule ana mkasi wangu mpaka leo.

Likizo iliyopita nilikwenda Mpanda. Gurudumu la Baba limeegemezwa ukutani, kuku wanalala juu yake. Ila nilipopita kwenye gereji za vijana mjini niliona pini. Wameiga mshikizo wa Baba, wanafunga kwenye pawatila za watu. Jioni nikamsimulia habari za Christie tangu mwanzo, na sikuongeza neno kuhusu dada wala ada. Alisikiliza akiwa ameinamia injini. Aliuliza jambo moja tu, kama wale waliochukua springi waliwahi kumpelekea mzee yule chochote. Nikamwambia walilipia vyombo vichache walivyonunua mwanzoni, na baada ya hapo alikufa hana kitu. Akanyamaza, akaniambia nisogeze taa.

Kesho yake asubuhi sikumkuta karakanani. Alikuwa amekwenda kwa wale vijana. Aliporudi alinieleza, kwa ukali wake uleule, kwamba wanatumia chuma laini, pini zao zitakatika katikati ya msimu, na kwamba itabidi awe anakwenda kuwaonyesha kila Jumamosi. Hakusema kama watamlipa, na mimi sikumuuliza.